Shahada ya muziki: chuo kipi kinamfaa mpiga kinanda wa kwaya?

kinanda_mwanza: Wakuu, naombeni ushauri. Nimemaliza kidato cha sita, na kinanda cha kwaya ya parokia nimekipiga miaka saba. Sol-fa (do, re, mi) nasoma vizuri, niwekee karatasi yoyote ya sauti nne. Nota za mistari mitano bado nazihesabu kwa kidole. Nataka kutunga na kufundisha. Nimeona Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makumira, mjomba anasema niende Bagamoyo. Shahada si ni ile ile popote?

MwalimuWaNota: Hapana, mdogo wangu. Tuanze na mjomba: TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, wanatoa astashahada na stashahada. Ukitaka ngoma, zeze na marimba zikuingie mikononi ni mahali pazuri mno, lakini shahada hutaipata pale. Dar es Salaam muziki uko ndani ya Idara ya Sanaa za Ubunifu, jirani na watu wa maigizo na wachoraji. Makumira, pale Usa River, ni chuo cha KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na mtu wa kwaya hajioni mgeni.

Ila jina la chuo lisikutoshe. Mimi nilisoma mahali ambapo sitapataja. Harmonia, yaani kupanga sauti pamoja, tulifundishwa hasa: sauti ya tena na ya besi zikitembea sambamba kwa tano kamili (kama do na so), ni kosa, mwalimu anazizungushia wino mwekundu na unaandika upya ukurasa mzima. Piano sasa! Tulikuwa kumi na mmoja kwa piano moja, G ya katikati ukiibonyeza inazama, unaiinua kwa ukucha. Kukaa na mwalimu peke yako ni dakika 20 kwa wiki, akisafiri hakuna. Nilitoka naandika sauti nne safi, vidole vikiwa vile vile nilivyoingia navyo. Inaniuma hadi leo.

Kwa hiyo uliza: nitakaa peke yangu na mwalimu wa kinanda dakika ngapi kwa wiki, kwa mihula mingapi? Chumba cha mazoezi kinafungwa saa ngapi? Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili kabla ya ofisi ya udahili.

sauti_ya_tatu: Huku Kenya shahada ni miaka 4. Na uangalie kitu kimoja: Chuo Kikuu cha Kenyatta kuna Shahada ya Muziki, na kuna ya Ualimu yenye muziki ndani. Hiyo ya pili unachukua na somo lingine, kwa sababu TSC, tume inayoajiri walimu, inataka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili. Mimi nilichukua Muziki na Kiswahili. Kama kufundisha ndiyo nia yako, amua mapema.

kinanda_mwanza: Asanteni sana. Na hii sol-fa yangu, si wataniona sijui kitu?

MwalimuWaNota: Usiionee aibu, sikio lako limelelewa nayo. Kila jioni chukua wimbo mmoja unaoujua, uunakili kwa mkono kwenye mistari mitano. Do inahama, mistari haihami. Do ikiwa G, kwenye ufunguo wa juu (ule wa sauti za juu) inakaa mstari wa pili kutoka chini, na ti yako ni F yenye kipandisho (♯): alama yake unaiandika mwanzoni, mstari wa juu kabisa. Do ikiwa F, inashuka nafasi ya kwanza. Fanya G na F tu kwa mwezi mzima, kidole utakiacha.

kinanda_mwanza: Naanza leo na G. Usa River nina dada yangu, mwezi ujao nikienda kumsalimia nitapita chuoni kuwatafuta hao wa mwaka wa pili.