Kuacha kuchunga milimani kumekugharimu nini? Tupeane uzoefu (Mbeya, Njombe, Iringa)

Mkinga_Baridi: Wakuu habari za saa hizi. Kila mtu anaongelea miti na parachichi, sawa, ila malisho yaliyopotea hakuna anayeyapigia hesabu. Kwetu Makete zamani umande ukikauka tunafungua mazizi, ng'ombe wa nyumba tano sita wanaunganishwa, mzee mmoja na watoto wawili wanapanda nao, jioni wanarudi matumbo yamejaa na hakuna aliyetoa hata mia. Saivi ule mlima umeuzwa, mipaina mpaka ukingoni mwa mto. Mdogo wangu kabaki na mmoja wa maziwa bandani, kila wiki pumba, mashudu, dawa, hela ya maziwa inaingia mkono huu inatokea huu. Kwenu ikoje?

MamaViazi: Mi kilio changu samadi. Zamani kiangazi tunalaza ng'ombe shambani, tunahamisha boma kipande kwa kipande, mvua zikianza unapiga matuta tu. Sasa samadi nanunua kwa tripu ya fuso na juu yake mbolea ya dukani, DAP, ile 2022 mbolea ilivyopaa nikalima nusu shamba, nusu nikaacha magugu.

Mnyalu wa Mufindi: Moto je? Nyasi zikikosa wa kuzila zinafika kiunoni, Oktoba zimekauka kau, mtu anachoma shamba lake la ulezi upepo unageuka basi. Kaka yangu kaunguliwa miti ya miaka saba, ndo aliyokuwa anaitegemea kwa ada ya chuo ya binti yake. Lile bonde lilipokuwa la kuchungia nyasi zilikuwa fupi, moto ukifika pale unajifia wenyewe.

Jirani_Kitulo: Huku kwetu ni tofauti kidogo, Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na hifadhi ya taifa ng'ombe haingii. Sina ugomvi, maua yale kuanzia Desemba unapiga picha mpaka simu inajaa. Ila mwenye gesti ndo anaona faida, mwenye ng'ombe alibaki na eneo la kijiji, nalo likaja kugawiwa mashamba ya viazi. Mzee wangu aliuza wote kwa mkupuo, na kwa kuwa wengi waliuza kipindi kilekile, bei ya mnadani ilikuwa ya kutupa.

Mporoto Halisi: Mi napinga wakuu. Ng'ombe wa kienyeji lita moja, akijitahidi mbili, chotara wangu wa ndani ananipa zaidi ya kumi. Na tusidanganyane, ndama wangapi walikufa kule juu kwa mvua na baridi? Kuchunga kulikuwa kunawatoa watoto shule.

Mkinga_Baridi: @Mporoto la shule nakubali kabisa, mi mwenyewe nimerudia la tano. Ila majani ya huyo chotara anakata nani?

Mporoto Halisi: Mama watoto 😅

MamaViazi: Ehee! Mzigo wa mabingobingo kichwani asubuhi na jioni, kiangazi anafuata mpaka bonde la pili, na kwenye hesabu yako hayumo. Mlipe kibarua kama unavyomlipa mtu wa kupalilia alafu urudi hapa utuambie hizo lita kumi zimebaki ngapi.

Mporoto Halisi: Mama umenishika pabaya, ngoja nikapige hesabu.