Projekti ya kalenda ya matukio: supavaiza kakataa mpango wetu wa wiki 12

chuma_cha_mwaka3
Wakuu habari za jioni. Tupo watano kwenye grupu, projekti yetu ni programu ya kupanga matukio kwenye kalenda, yaani mtu anaweka sendofu, kicheni pati, kikao cha harusi, mtihani, anaalika wenzake na simu inamkumbusha. Supavaiza akataka hatua kuu na tarehe zake, tukamwandikia wiki ya 1 mpaka 4 designi na databesi, 5 mpaka 9 kodi (sio za TRA), 10 na 11 kutesti, 12 ripoti. Hata dakika haijaisha karatasi imerudi, kaandika kwa peni nyekundu "wiki ya 6 nitaona nini?" basi, hakuna kingine. Wenzangu wawili wanasema mzee anatukomoa, mimi naona kama ana pointi ila sijui tuanzie wapi. Kikao kingine ni Jumatatu.

Bakendi_wa_Mbagala
Dogo hajawakomoa huyo, kawaokoa. Mpango wenu unasema mtakuwa mnafanya nini, hausemi yeye ataona nini. Sisi tulipanga hivyohivyo, wiki ya 9 tuna databesi ya meza 14 imenyooka kama rula na hakuna mtu anaweza kuingiza tukio hata moja, tukahamia maabara na mashuka.

Hatua ya kwanza iwe wiki ya 3: mtu anafungua, anaandika "kikao cha harusi Jumamosi saa 10 jioni", anasevu, anazima laptopu, anawasha, tukio lipo. Iwe mbaya tu, haina rangi haina password, ila imepita njia nzima toka skrini mpaka databesi. Wiki ya 6 (jibu la mzee hilo) unahariri, unafuta, unaona mwezi mzima. Wiki ya 8 kualika watu na kugundua matukio yanayogongana, na hapo msijichoshe na masharti (if) kumi na mbili, mawili yanagongana kama la kwanza linaanza kabla la pili halijaisha NA la pili linaanza kabla la kwanza halijaisha. Ya 9 kukumbusha. Ya 10 mnafunga geti, kipya hakiingii hata kama ni kizuri vipi.

dada_wa_bagi
Bakendi kasema vizuri ila kaacha palipowahi kunitoa machozi, SAA. Amueni wiki ya kwanza kabisa mnatunzaje muda. Sisi tupo mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa, kwa saa 3, sasa chukua tukio la siku nzima, Muungano tarehe 26 Aprili, JavaScript (lugha ya kuandikia kodi) inalianzisha saa 6 usiku ya kwetu, ukiligeuza na toISOString, amri inayoandika muda kwa UTC, inakuwa tarehe 25 saa 21:00, ukikata ile tarehe ukaitunza umeshauhamisha Muungano. Siku mbili nzima nalaumu databesi. Na miezi yake inahesabu kuanzia sifuri, kwahiyo Aprili ni 3, usiulize.

Halafu mtumiaji wenu ni Mswahili. Akiandika saa 2 ni 2:00 au 8:00? Wekeni asubuhi/mchana/jioni/usiku achague mwenyewe, mama yangu aliweka kikao saa 2 asubuhi simu ikamwamsha usiku wa manane. Na Idd inasubiri mwezi uandame, ruhusuni tukio ambalo tarehe bado haijathibitishwa.

mtu_wa_Git
Mimi fupi. Kila hatua iwe na jina la mtu mmoja anayeibeba, sio "grupu". Yule ambaye hajapusha kitu, yaani hajapandisha kodi yoyote, tangu mfungue Git (pale grupu linapotunza kodi zake) mtamjua wiki ya 3 badala ya kumjua wiki ya 11 anaomba jina lake liwe kwenye ripoti.

chuma_cha_mwaka3
@mtu_wa_Git tunaye tayari 😂 Matukio ya kujirudia je? Mmoja wetu ni wa kwaya, anataka mazoezi ya kila Alhamisi yaingie.

Bakendi_wa_Mbagala
Ya kila wiki tu, na baada ya wiki ya 8 kama mko hai. Ya kila mwezi achaneni nayo, mtu akiweka kila tarehe 31, ikifika Februari mtafanyaje? Kanuni za iCalendar, ule mfumo ambao programu za kalenda hubadilishana matukio, zinasema mwezi usio na hiyo tarehe unarukwa, sasa kamweleze mwenye mchezo wa kupeana hela kwamba mwezi huu zamu yake imerukwa.

chuma_cha_mwaka3
Hahaha hapana. Nimewatumia thredi nzima kwenye grupu la WhatsApp, wanne tumekubaliana, wiki ya 3 ni tukio moja linasevu na ninalibeba mimi. Aliyebaki ni wa designi, anasema hawezi kumwonyesha mzee skrini isiyo na rangi, na michoro yake ya skrini kwenye Figma kweli ni mikali. Kikao chetu ni kesho saa 4 na nusu, asubuhi dada usinipige.