Naombeni ushauri: leyazi (kuku wa mayai) kwenye keji (vizimba vya waya) au kuku chotara wa kufungulia?

Wakuu habari zenu, niko Kibaha, nafuga chotara wachache, asubuhi wanatoka wanachakura jioni wanarudi bandani. Sasa shemeji yangu anataka tuunganishe mtaji tuweke leyazi elfu moja kwenye keji, anasema hawa chotara ni mapambo tu. Kwenye hesabu simpingi, leyazi akitunzwa anakaribia mayai 300 kwa mwaka, chotara hafiki huko hata umbembeleze. Ila roho inasita, maana kwenye keji za kawaida kuku mmoja anapata nafasi ndogo kuliko karatasi ya A4, hawezi kukunjua mbawa wala kuoga vumbi, na Umoja wa Ulaya walishazipiga marufuku tangu 2012. Kinachonisumbua zaidi lakini ni kinyesi, kuku elfu moja si chini ya kilo 100 za kinyesi kibichi kila siku, na kisima tunachochota na majirani kiko chini ya mteremko, masika ikishuka itakuwaje?

Sisemi wa kufungulia ni malaika, ugonjwa wa mdondo ukipita wanaisha, na bustani za watu wanazifanyia fujo usiseme.

Waliofuga kwa njia zote mbili, leyazi kama 300 kwenye banda la chini lenye maranda na viota inalipa kweli? Na kinyesi mnakiozesha kwanza au mnawauzia wakulima wa mboga hivyohivyo? Shemeji anataka kuagiza vifaranga mwezi huu, nijibuni mapema jamani.