Setilaiti ya India kwenye simu yangu, hapa Kibirizi

Wakuu, navua dagaa hapa Kigoma. Usiku tukishazima karabai, narudi kwa GPS ya simu. Juzi programu imeonyesha setilaiti za NavIC, mfumo wa India wa kuonyesha mahali ulipo, kama GPS. Naweza kuzitegemea ziwani?

Fundi Redio: Kaka, kuziona ni kawaida. Mojawapo ya setilaiti za NavIC, IRNSS-1F, iliyorushwa Machi 2016, iliwekwa nyuzi 32.5 mashariki juu ya ikweta, kimo cha kilomita 36,000 hivi. Kwako hiyo ni karibu utosini! Ila mfumo ulipangwa kuhudumia India na kilomita 1,500 kuizunguka. Kwetu nyingine zimeegemea mashariki, na setilaiti zikikaa upande mmoja vipimo hulegea. Acha simu itumie mifumo yote pamoja.

Mama Ujiji: Na saa zilizomo ndani ya setilaiti je? Nyingine ya NavIC, IRNSS-1A ya 2013, iliharibikiwa saa zake zote tatu za atomu. Simu hupima umbali kwa muda ambao mawimbi hutumia kufika, hivyo saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa mita 300. Mwanangu, dira usiiache nchi kavu.

Muulizaji: Shikamoo mama, asante. Dira ya marehemu baba ninayo, leo naingia nayo.