Mguu wa Idrisa: gumzo la kikundi cha ukoo

Shangazi Mwanahawa: Assalaam alaykum nyote. Idrisa amenipigia simu kutoka Tampa, Marekani. Jana, alipokuwa akiondoa takataka ndani ya maji ya bahari yaliyofurika kwa kimbunga nyuma ya nyumba yake, alikatwa muundi na gamba la chaza, na leo mguu umevimba. Anasema atasubiri hadi Jumatatu.

Mjomba Athumani: Waalaykum salaam. Asisubiri. Katika maji ya bahari yenye joto yaliyochanganyika na maji ya mto huishi bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, wa jamii moja na yule wa kipindupindu, ambaye akipenya kidonda huweza kuozesha nyama iliyo chini ya ngozi kwa saa chache tu. Ni nadra, lakini baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 walihesabiwa watu 18 waliougua vidonda vya jamii hiyo ya bakteria, na 5 kati yao walifariki.

Zuhura: Shikamoo Mjomba. Nilidhani kuoza huko huletwa na bakteria aitwaye streptokoka.

Mjomba Athumani: Marahaba. Mara nyingi ni huyo, au mchanganyiko wa bakteria kadhaa, hasa kwa wenye kisukari. Ndiyo maana huyu wa baharini husahaulika daktari asipoambiwa habari ya maji. Mitoni na maziwani yuko mwingine, Aeromonas hydrophila. Vibrio hupigwa kwa dawa za kuua bakteria, doksisaiklini pamoja na seftazidimu, lakini mishipa ya damu ya sehemu iliyooza huwa imeziba na dawa haifiki, kwa hiyo ni lazima mpasuaji aikate nyama hiyo mapema.

Shangazi Mwanahawa: Idrisa aliwahi kuambiwa ana homa ya ini.

Mjomba Athumani: Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, maana wenye ini bovu ndio wanaoshambuliwa vikali. Muulize kama maumivu yanazidi ukubwa wa kidonda, na kama kuna malengelenge.

Shangazi Mwanahawa: Anasema hata shuka likimgusa anapiga kelele. Asubuhi nilimwambia azungushie wekundu mstari wa kalamu. Sasa umeuvuka kwa vidole vinne, na kuna lengelenge moja la rangi ya zambarau.

Mjomba Athumani: Aende idara ya dharura sasa hivi, asiendeshe gari mwenyewe. Kabla ya kuulizwa lolote aseme amekatwa ndani ya maji ya bahari, na kwamba ana ugonjwa wa ini.

Shangazi Mwanahawa: Jirani yake amekwisha kuwasha gari. Nimemwandikia maneno hayo mawili kwa Kiingereza ili ayaonyeshe mlangoni.