Wajukuu wa Ngamiani: vyombo vya chumba cha uani

Jumamosi

Da Zuhura: Asalaam aleikum ndugu zangu. Leo tumekifungua chumba cha uani kwa Bibi, hapa Ngamiani, Tanga. Picha zinakuja, mtandao unasuasua.

Da Zuhura: [Picha 7]

Da Zuhura: Vilivyomo: samadari, kile kitanda cha chuma chenye vifundo vya shaba, cherehani ya mguu, kasha, kitanda cha kamba ambacho kamba hazipo, viti viwili vya mninga, pasi ya mkaa, na grili ya dirisha ambayo ukiigusa inamwaga unga.

Idi: Duh. Hiyo ni kutu au udongo wa Lushoto? 😂

Hamisi Mombasa: Shikamoni wakubwa. Mimi naona hivyo vyuma vipelekwe skrepa, pesa tugawane, mambo yaishe.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Marahaba. Hamisi, juu ya kitanda hicho ndipo alipozaliwa mama yako. Nenda ukamuulize kama anataka kwenda skrepa.

Hamisi Mombasa: Nimetubu Mama Mkubwa 🙏🏾

Nuru Muscat: Kasha lisiguswe na mtu! Huku Mutrah nayaona kama hayo madukani, bei yake usiulize.

Idi: Mimi nina wazo. Nachukua makopo ya rangi ya dhahabu ya kupuliza, nusu saa tu, kitanda, pasi, grili, vyote vinang'aa. Nimeona TikTok.

Mjomba Kassim: Idi.

Idi: Naam Mjomba. Shikamoo.

Mjomba Kassim: Marahaba. Ukipaka juu ya kutu umeifunika tu, inaendelea kula huko chini. Kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi inavimba kwanza halafu inabanduka. Na Tanga hewa yenyewe ina chumvi. Hiyo dhahabu yako haitafika Idi ya pili.

Hamisi Mombasa: Idi hafiki Idi 😂😂

Idi: Basi tuloweke kwenye Coca-Cola. Kuna mtu kaloweka spana ikatoka nyeupe.

Mjomba Kassim: Ina asidi ya fosforasi kidogo, kweli inalainisha kutu. Kwa spana moja sawa. Kwa samadari utanunua kreti ngapi? Na sisimizi watalala humo kabla yako.

Mjomba Kassim: [Sauti, 6:12]

Nuru Muscat: Mjomba na sauti zake ndefu jamani, mimi niko kazini 😅

Da Zuhura: Ngoja niwaandikie, na wasio na bando wasome.

Kwanza vifundo vya shaba vifunguliwe, visikae na chuma wakati wa kusugua. Vijaribiwe kwa sumaku. Sumaku ikishika, hiyo ni chuma kilichovikwa shaba nyembamba, msasa usikaribie. Isiposhika ni shaba kweli.

Chuma kigongwegongwe kwa nyundo ndogo. Penye mlio mkali ni pazima. Panapolia kibubu au panapobonyea, hapo ni kazi ya fundi wa kuchomelea, hata ukisafisha hapatabeba mtu.

Halafu brashi ya waya, kisha msasa namba 80 penye kutu nene, kisha 120. Hakuna haja ya kufikisha chuma kiwe kama kijiko kipya. Kinachotakiwa ni kwamba ukipitisha kitambaa cheupe kisirudi chekundu. Futa kwa tina (thinner ya rangi), acha ikauke, na siku HIYO HIYO paka ile rangi nyekundu ya chini ya kuzuia kutu. Usilaze chuma kitupu usiku. Paka mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili, sio mmoja mzito. Ndipo rangi ya mafuta unayoitaka.

Bolti, skrubu na magurudumu viloweke kwenye siki hadi asubuhi. Vikitoka vipite kwenye maji ya magadi ili asidi ife, vikaushwe juani mara moja na vipakwe mafuta. Ukiviacha na maji vinageuka rangi ya machungwa mbele ya macho yako.

Mjomba Kassim: Umenisikia vizuri kuliko watoto wangu.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Hilo la kulaza chuma usiku ni kweli. Nyumba za Raskazoni, kule kando ya bahari, mabawaba hayamalizi miaka.

Da Zuhura: Mjomba swali. Samadari ina rangi juu ya rangi, kama tabaka nne. Idi apige grinda?

Mjomba Kassim: HAPANA. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Ukipiga grinda au msasa mkavu unarusha vumbi la risasi, na pale uani wanacheza watoto wa Mwanaidi, na kuku wanadonoa. Msasa wa maji, sehemu iwe mbichi muda wote, barakoa usoni. Usifagie. Futa kwa tambara bichi, takataka zifungwe kwenye mfuko. Na kanzu ya kazi isifuliwe na nguo za mtoto.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Basi watoto nawachukua kwangu siku hiyo. Kuku ni wa jirani, mwambieni mwenyewe.

Idi: Kwa hiyo mimi ndiye fundi? Nilikuja kupiga picha tu.

Hamisi Mombasa: Mwenye wazo ndiye mwenye kazi kaka.

Jumamosi, baada ya magharibi

Da Zuhura: [Picha] Namba ya cherehani hii hapa, inaanza na EG.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Hiyo cherehani ni ya Mjerumani. Baba alituambia, aliachiwa na bwana shamba Mjerumani wakati anaondoka.

Mjomba Kassim: Dada, Mjerumani aliondoka Tanga mwaka 1916, Mwingereza alipoingia. Singer yenye EG ni ya kiwanda cha Clydebank, Scotland, miaka ya baada ya Vita vya Pili. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1980.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Baba alisema ya Mjerumani.

Mjomba Kassim: Sawa dada. Ya Mjerumani.

Hamisi Mombasa: 😂😂😂 Mjomba kakubali mapema

Mjomba Kassim: Ila sikilizeni kuhusu hiyo cherehani. Miguu ni chuma cha kumimina, hiyo sugua kwa brashi upake rangi nyeusi, haina shida. Kichwa ni habari nyingine. Yale maua na maandishi ya dhahabu yamefunikwa na vanishi ya kizamani inayoyeyuka kwa spiriti. Mtu akipitisha spiriti au tina, anaondoka na maua yote kwenye pamba. Siki pia hapana. Mafuta ya cherehani tu, pamba laini, polepole. Uchafu ule wa kahawia ni mafuta ya miaka yaliyoganda, yanalainika kwa mafuta mapya.

Nuru Muscat: Na kama haizunguki?

Mjomba Kassim: Msilazimishe gurudumu. Tone la mafuta kila tundu, iache ilale, kesho tena. Nyingi zinafunguka zenyewe. Uzi ulionasa kwenye ekseli ndio mara nyingi unaokaza, sio kutu.

Idi: Pasi je? Bawaba imeganda, haifunguki. Yule jogoo wa mbele anayefunga kifuniko kakakamaa.

Mjomba Kassim: Jogoo toa kabisa kama anatoka, huwa ni shaba. Bawaba tia mafuta ya taa uliyochanganya na oili, iache hadi kesho. Mpini wa mbao utoe. Halafu pasi hiyo ninaitaka mimi, nitakufundisha kitu tulichokuwa tunafanya karakana ya mkonge.

Mjomba Kassim: Ndoo ya plastiki, maji, magadi kijiko kikubwa kwa kila lita 4. Chaja ya betri ya gari, volti 12. Waya wa hasi unabana pasi. Waya wa chanya unabana kipande cha nondo ambacho hukihitaji. Viwili visigusane. Washa. Vipovu vitaanza kwenye pasi na kutu inaachia yenyewe, chuma kizima hakiliwi. Siki ukiisahau inakula hadi chuma chenyewe, hii haili chuma hata ukilala.

Hamisi Mombasa: Hiyo magadi ya kutia kwenye maharage?

Mjomba Kassim: Hiyo hiyo. Lakini magadi ya mawe huwa na chumvi ndani, kwa hiyo ukitoa suuza sana.

Da Zuhura: Mjomba usalama tafadhali, namjua Idi.

Mjomba Kassim: Nje, sio ndani, vile vipovu ni haidrojeni na inawaka. Hakuna sigara, hakuna jiko karibu. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Na kwenye chanya usiweke kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kina kromu, maji yanageuka sumu. Nondo tu.

Idi: Mjomba hii ni bora kuliko TikTok wallahi.

Jumapili

Nuru Muscat: Sasa kasha langu.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Lako tangu lini?

Nuru Muscat: Kasha letu 😇 Njumu zote, yale mapambo ya shaba, zing'arishwe, nizione ziwake.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Sisi tulikuwa tunasugua kwa ukwaju na majivu. Au ndimu na chumvi. Shaba inarudi kama mpya.

Mjomba Kassim: Inarudi dada, lakini ile mlikuwa mnasugua sinia, mnasuuza. Kasha ni mbao. Maji ya ndimu yakishuka kwenye mbao karibu na msumari wa chuma, panakuwa peusi na hapatoki. Yale madoa meusi mnayoyaona kuzunguka misumari sio uchafu, ni chuma kimekutana na maji ya mti. Ndiyo kitu kile kile kinachofanya gome la mkoko likifika kwenye kutu linageuka wino.

Da Zuhura: Kwa hiyo tunafanyaje?

Mjomba Kassim: Kata kadi ngumu, toboa tundu la ukubwa wa njumu, izungushie. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe. Futa mara moja kwa kitambaa cha maji, kausha. Na usiache asidi ikae juu ya shaba, inaondoa zinki juu juu, unabaki na rangi ya waridi badala ya njano.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Kwa maoni yangu njumu zisiwake sana. Kasha la mtu mzima halivai kama bibi harusi.

Nuru Muscat: Mama Mkubwa mimi nakupa kura yangu yote, lakini kidogo ziwake.

Hamisi Mombasa: Mbao je, tupake sifa kama jahazi? Kwetu huku mafundi wa majahazi wanayo.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Mafuta ya papa! Ndani ya nyumba! Nguo za Nuru zinuke papa hadi Oman.

Mjomba Kassim: Mafuta ya nazi pia hapana, hayakauki, yanashika vumbi na yanachacha. Nta ya nyuki. Iyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto, ondoa jikoni KABISA, ndipo uchanganye tapentaini. Ikipoa inakuwa laini kama samli. Paka kidogo, ngoja, sugua kwa kitambaa cha sufu.

Idi: Na viti? Vinacheza. Nina misumari ya inchi tatu hapa.

Mjomba Kassim: Weka chini misumari.

Mjomba Kassim: Kiti kikicheza kinafunguliwa, hakipigiliwi. Msumari unapasua ulimi wa mbao na baadaye hakuna fundi atakayekiweza. Gonga kiachane kwa nyundo ya mbao, kwangua gundi ya zamani yote, mpya haishiki juu ya ya zamani. Tia gundi ya mbao, kaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli, uzungushe kwa nguvu, acha hadi kesho. Msasa ufuate nyuzi za mbao. Na vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua.

Da Zuhura: Kimoja kina vitundu vidogo mguuni.

Mjomba Kassim: Kiweke juu ya karatasi nyeupe, kigonge. Ukidondoka unga mpya mweupe, mdudu yumo, kitengwe na kasha leo leo. Kama hakuna, alishaondoka, ziba kwa unga wa mbao hiyo hiyo na gundi.

Da Zuhura: Nimegonga. Hakuna kitu.

Nuru Muscat: Alhamdulillahi.

Da Zuhura: Kitanda cha kamba nani anajua kuwamba siku hizi? Matendegu (miguu) mazima, mifumbati (mbao za ubavuni) mizima.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Pangani yupo mzee anawamba. Anataka kamba ya makumbi iliyosokotwa vizuri, sio ya haraka haraka.

Hamisi Mombasa: Si atumie nailoni? Yauzwa kila mahali.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Ulalie wewe. Nailoni inalegea, mwezi wa pili unalala kama uko kwenye mtumbwi. Halafu Tanga, mji wa mkonge, tuwambe kwa plastiki?

Hamisi Mombasa: Mama Mkubwa leo sina bahati.

Da Zuhura: Grili?

Mjomba Kassim: Grili imekufa. Ichukueni vipimo, ichongwe nyingine. Hiyo ndiyo ya skrepa ya Hamisi.

Hamisi Mombasa: Angalau moja 😂

Da Zuhura: Fundi wa samani wa mjini alitaka laki nne kwa vyote bila kuwamba. Tukifanya wenyewe ni vifaa na nauli ya mzee wa Pangani. Orodha ya michango naweka jioni, naomba isigeuke mjadala. Nuru, wewe nta na gundi.

Nuru Muscat: Natuma leo. Na rangi ya samadari ni ipi?

Idi: Nyeusi isiyong'aa. Ndiyo ya kisasa.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Kijani. Kile cha milango ya msikiti.

Idi: Mama Mkubwa, kijani kwa chumba cha kulala?

Mama Mkubwa Mwanaidi: Nani atakilalia?

Idi: Wewe.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Basi.

Jumapili, saa kumi na moja jioni

Idi: [Picha] Upande wa mchago, wa kichwani, umeisha. Nimesugua hadi kitambaa kinarudi cheupe. Mikono sina.

Nuru Muscat: Mashallah! Sikujua kina maua yale pale juu!

Hamisi Mombasa: Fundi Idi 👏🏾 kumbe una faida

Mjomba Kassim: Kazi nzuri. Umeshapaka rangi ya chini?

Idi: Bado Mjomba, nimekaa nile kwanza, Da Zuhura kaleta mhogo.

Mjomba Kassim: Idi, jua linazama. Mhogo utakungoja, umande hautakungoja.

Da Zuhura: Kaacha sahani, kakimbia na brashi 😂