Tokeni na joto la Kisumu: tupeane uzoefu wa kupunguza stima nyumbani

Mwanzisha mada, Migosi

Wadau wa kando ya ziwa, hamjambo. Kuanzia Januari hadi mvua ya masika ishike, nyumba zetu hazikaliki. Mchana mabati yanachoma, usiku shuka linaganda mwilini, na feni haipumziki. Tokeni ya stima tunayolipia kabla, iliyokuwa inafika mwisho wa mwezi, sasa inakata katikati. Naomba kila mmoja aseme alichofanya mwenyewe kikapunguza uniti, si alichosikia kwa jirani.

Mimi kilichonisaidia ni kusimama mbele ya mita. Ile taa ndogo nyekundu inayopepesa ina maana yake. Angalia palipoandikwa imp/kWh: kama ni 1000, basi taa ikipepesa mara 1000 umekula uniti moja, yaani kWh 1. Zima kila kitu, chomoa friji na dekoda, kisha itazame. Haifai kupepesa; ikiendelea, kuna kitu kinakula bila wewe kujua, mwite fundi. Halafu washa kifaa kimoja kimoja. Feni ya wati 60 inapepesa mara moja kwa dakika. Shawa ya umeme ya wati 5,000 inapita mara 80 kwa dakika hiyo hiyo, huwezi hata kuhesabu. Siku hiyo niliacha kuigombeza familia kwa sababu ya feni.

Mama wa watoto watatu, Mamboleo

Asante kwa hilo la shawa. Piga hesabu: watu 4, kila mmoja dakika 10 kwa siku, kwa wati 5,000 hiyo ni karibu uniti 100 kwa mwezi. Kuoga tu!

Sisi tank yetu ni nyeusi na iko juani. Ikifika saa kumi jioni maji yana uvuguvugu mzuri, kwa hiyo watoto wanaoga wakitoka shule, na shawa naizima kwenye swichi ile kubwa ya ukutani. Asubuhi anayeona baridi anachemshiwa maji kidogo kwa gesi. Kwangu hakuna kitu kingine kilichopunguza tokeni kama hicho.

Fundi wa stima, Kondele

Niwaongezee friji, maana kwenye joto hili ndiyo inayoteseka. Wengi wanaisukuma hadi igusane na ukuta, tena kando ya jiko. Friji inatoa joto kwa nyuma au ubavuni. Ukiiziba, mota haipumziki. Ivute mbele iache nafasi ya kiganja, ufagie vumbi la nyuma ikiwa imechomolewa.

Kisha jaribu mpira wa mlango. Shika karatasi, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, halafu ivute. Ikitoka bila kushikwa, hewa yenye unyevu inaingia usiku kucha, ndiyo maana friza inajaa barafu. Pitisha karatasi kuzunguka mlango mzima, pembeni ndiko mpira huchoka kwanza. Mara nyingi ni uchafu tu: uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ukiwa umepasuka, badilisha mpira, si friji.

Walio na AC: iwekeni digrii 25 au 26, msafishe chujio, milango ifungwe. AC ndogo ikivuta wati 1,000 ni sawa na feni kumi na kitu.

Mpangaji, Nyalenda

Mnaongea kama kila mtu ana mita yake. Ploti yetu ina mita moja ya tokeni, kila nyumba ina kimita kidogo, na mwenye nyumba anatukata kwa uniti. Nyumba yangu ina balbu, tivii na feni, lakini bei ni ya juu kabisa.

Fundi wa stima, Kondele

Ndugu, kwenye bei zilizoanza Aprili 2023 kuna ngazi tatu. Huangaliwa wastani wa matumizi ya miezi 3: hadi uniti 30 ni bei ya chini, kutoka hapo hadi 100 ya kati, ukipita 100 ya juu. Juu yake kuna tozo ya mafuta, ya ubadilishaji wa fedha za kigeni, VAT na nyinginezo. Sasa nyumba 6 zikitumia uniti 25 kila moja, mita inaona mteja mmoja wa uniti 150. Kila mmoja wenu peke yake angekuwa ngazi ya chini. Huo ni uonevu hata kama hakuna aliyeukusudia. Kaeni na mwenye nyumba mumwonyeshe hesabu hii, muombe kila nyumba iwe na mita yake.

Mzee wa Dunga

Vijana, ponyeni mabati kwanza. Nyumba yangu haikuwa na siling'i, na kuanzia saa sita mchana usingeweza kukaa ndani. Nilinunua mikeka ya mafunjo, nikaipigilia kwenye mbao chini ya mabati, nikaacha nafasi hewa ipite juu yake. Nyaya za stima nilihamishiwa kwenye paipu kabla, kwa sababu mafunjo yanashika moto upesi. Upande wa magharibi nilipanda miembe. Siku hizi feni naiwasha usiku tu.

Dada, Nakuru

Huku kwetu usiku ni baridi, nikija Kisumu kwa shangazi ndipo najua joto. Yeye hutundika shuka lililoloa dirishani. Linasaidia kweli?

Mwanzisha mada, Migosi

Dada, penye hewa kavu lingesaidia. Hapa hewa imeshashiba maji, shuka halikauki, na chumba kinazidi kuwa na mvuke. Hata nguo zilizofuliwa zisianikwe ndani. Mwambie shangazi afunge pazia mchana upande wa jua, jioni afungue madirisha ya pande mbili hewa ipenye, yakiwa na wavu wa mbu. Neti ya kitanda asiiondoe kwa ajili ya joto, malaria ya huku haina mzaha. Feni aisogeze karibu na neti. Na akitoka chumbani aizime, feni inapoza mtu, haipozi chumba.

Mzee wa Dunga, hiyo mikeka inauzwa kwa kipande au kwa kupimwa? Sebule yangu ni futi 10 kwa 12.

Mzee wa Dunga

Kwa kipande, na ukubwa hutofautiana. Njoo na kamba ya kupimia, uchague iliyofumwa kwa kubana, na uianike juani kabla ya kuipandisha.